Kutoka upinde wa jadi kwenda kampaundi: mwongozo wa mwindaji wa kulungu

Mwindaji aliyezoea upinde wa jadi, uwe ule mrefu ulionyooka au rikavu ambayo ncha zake zimekunjwa kwa mbele, akishika kampaundi, yaani upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, kwa mara ya kwanza hushangaa. Jioni hiyohiyo mishale yake inajikusanya pamoja kwenye shabaha ya yadi 20, jambo ambalo kwa upinde wa zamani lilimchukua misimu kadhaa. Ni haki yake kufurahi. Ila furaha hiyo ndiyo inayowafanya watu waruke hatua zilizobaki: wanaongeza uzito wa kuvuta, wanaongeza umbali, na msimu ukifunguliwa wanamjeruhi mnyama ambaye hawatamwona tena. Kwangu mimi hakuna jambo zito kuliko hilo katika uwindaji, na mwongozo huu nimeupanga kwa ajili ya kulizuia.

Nawafikiria zaidi wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde. Mifano ya sheria nitaitoa Pennsylvania. Msomaji uliyeko Kenya unajua kwamba uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania humgusi mnyamapori bila leseni. Kwako hatua za shabaha zitakufaa, na zile za porini uzisome kama maarifa tu.

Kilichobadilika ni nini hasa

Kampaundi ilibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata 1969. Alichofanya ni kufunga magurudumu kwenye ncha za upinde na kupitisha nyaya juu yake. Magurudumu ya leo si ya duara tena, yamechongwa kwa umbo la yai au zaidi ya hapo, na mafundi huyaita kamu. Umbo hilo ndilo linalobadilisha kila kitu.

Upinde wa jadi unazidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta. Uzito wake mkubwa kabisa unaupata pale mkono unapofika shavuni, na ndiyo maana ulijifunza kuachia mara tu ulipofika. Kampaundi inafanya kinyume. Uzito unapanda mapema, unakaa juu kwa sehemu kubwa ya safari, kisha kamu zinageuka na mzigo unaanguka kwa asilimia 75 hadi 85. Mwisho unagonga kizuizi kigumu kisichovutika zaidi, ambacho wapigaji hukiita ukuta. Upinde wa pauni 60 wenye punguzo la asilimia 80 unakuachia pauni 12 tu za kushikilia. Sasa una muda wa kusubiri kulungu ageuke. Una pia muda wa kuanza kuwaza, na mawazo hayo yatakusumbua kama hukuyapangia kazi.

Hatua ya 1: urefu wa mvuto, kabla ya kitu kingine chochote

Upinde wa jadi haujali sana urefu wa mikono yako, kwani unauvuta hadi unapofika. Kampaundi ina mwisho wake uliopangwa, na mwisho huo usipolingana na mwili wako hakuna mazoezi yatakayokuokoa. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, na karibu yote ni ya upande mmoja: upinde umewekwa mrefu mno, kwa sababu mrefu unatupa mshale kwa kasi zaidi.

Simama mgongo ukutani, nyosha mikono pande zote mbili kwa urefu wake wa kawaida bila kujilazimisha, na mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine. Gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anaanzia inchi 28. Ni makadirio ya kuanzia, hukumu ya mwisho inatolewa na mwili wako dukani. Usichukue namba uliyokuwa ukitumia kwenye rikavu, kwa sababu pale ulikuwa umeinama kidogo, kidole kikiwa kwenye pembe ya mdomo. Kwenye kampaundi unasimama wima, mkono unakaa chini ya taya, na ugwe umefungwa kitanzi kidogo ambacho kifyatulio, kifaa cha kuachia ugwe kwa kitufe, hushikia. Vyote hivyo vinahamisha kipimo.

Mwombe fundi akupige picha ya ubavuni ukiwa umevuta hadi mwisho. Ukiona umeegemea nyuma kama anayekwepa kitu, kichwa kimekimbilia nyuma kuufuata ugwe, au kiwiko cha mkono ulioshika upinde kimekazwa hadi kufungika, ni mrefu. Ugwe ukikuchapa mkononi mara kwa mara, shuku hilohilo. Ukiona mabega yamepanda na mkono wa mbele umekunjika sana, ni mfupi. Kati ya mrefu kidogo na mfupi kidogo, chagua mfupi. Utapoteza takriban futi 10 kwa sekunde kwa kila inchi, na kulungu hatajua tofauti.

Hatua ya 2: uzito wa kuvuta

Wanaume, hasa, huona haya kusema pauni 55 mbele ya kaunta. Tuweke hesabu mezani. Mshale wa greni 500 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa mishale) kutoka upinde wa jadi, ukienda futi 180 kwa sekunde, unabeba nguvu ya futi-pauni 36, na mishale ya namna hiyo imewaangusha kulungu miaka yote. Kampaundi ya pauni 60 ikitupa mshale wa greni 420 kwa futi 270 kwa sekunde inabeba 68, karibu maradufu. Hakuna sababu ya kukimbilia pauni 70 kwa ajili ya kulungu. Sheria ya Pennsylvania inaridhika na pauni 35.

Kipimo changu ni hiki. Kaa kitini, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza mshale kwenye shabaha, kisha vuta moja kwa moja kuja usoni. Ukilazimika kuinua upinde kuelekea dari ndipo uvute, umezidiwa. Porini utakuwa umekaa kimya tangu alfajiri, misuli imepoa, koti ni zito, na kulungu anayekuangalia hatakupa nafasi ya kuchezesha upinde hewani.

Pinde nyingi zina masafa ya pauni 10 au zaidi yanayorekebishwa kwa skrubu mbili kubwa zinazoshika mbavu za upinde, yaani vile vipande viwili vinavyokunjika, cha juu na cha chini. Anzia chini. Geuza skrubu zote mbili kwa kiasi kilekile, na usipite idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji.

Hatua ya 3: kununua

Seti iliyo tayari kupigwa, yenye pini za shabaha (nukta za kulengea, kila moja kwa umbali wake), kikalio cha mshale na podo, inapatikana kwa dola 400 hadi 600, na inatosha kabisa. Zile za zaidi ya dola 1,200 ni nyepesi na tulivu zaidi mkononi, lakini tofauti hiyo haitaonekana kwa mtu anayeanza.

Kasi iliyoandikwa kwenye tangazo isikuhadae. Imepimwa kwa pauni 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350. Upinde wa futi "340" kwa sekunde ukiuweka pauni 60, inchi 29 na mshale wa kuwindia, utakupa karibu na 270 au 280.

Nunua kwenye duka lenye fundi na preshi ya upinde, mashine ya kuukandamiza ili ufunguliwe salama. Rikavu ulikuwa ukiifunga ugwe mwenyewe kwa goti au kamba. Kampaundi haifunguliwi hivyo, na anayejaribu anaweza kuumia vibaya. Ukinunua ya mtumba, pitisha kipande cha pamba taratibu kwenye mbavu zote mbili. Pamba ikinasa, kuna ufa, na upinde huo uuache hapohapo.

Hatua ya 4: mishale mipya

Mawano ya mti, yaani vijiti vya mishale, uliyoyachonga na kuyapenda yabaki na upinde wa jadi. Usiyapige kwa kampaundi hata mara moja: wano likivunjika wakati wa kufyatua, vipande huingia mkononi.

Kwenye upinde wa jadi mshale unapita kando ya mbao, hivyo lazima upinde kiuno na kulizunguka shina ndipo unyooke. Kwa hiyo ulichagua mawano laini kiasi. Kampaundi imekatwa katikati ili mshale upite karibu kabisa na mstari wa ugwe, nayo inausukuma kwa ghafla zaidi, kwa hiyo inataka wano gumu. Mawano ya kaboni yana namba ya ugumu, 500, 400, 340, 300, na namba ikishuka ugumu unapanda. Mtengenezaji anatoa jedwali: unaingia na uzito wa upinde, urefu wa mshale na uzito wa kichwa chake, unatoka na namba. Pauni 60 na inchi 28 mara nyingi hukupeleka 400 au 340. Fuata jedwali la kampuni ya mshale wako, si la rafiki.

Usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya uzito wa kuvuta. Upinde wa pauni 60 haupigi mshale ulio chini ya greni 300. Mimi napendelea 7, yaani greni 420, kwa sababu mshale mzito kiasi unanyamazisha upinde na unapenya vizuri zaidi mfupani.

Kabla ya kila pigo, si kila wiki, kunja wano kidogo huku unalizungusha na usikilize. Kaboni yenye ufa hulia. Likilia, livunje ulitupe.

Hatua ya 5: mambo mawili ambayo mkono wako wa zamani haujui

La kwanza: kampaundi haifyatuliwi bila mshale. Upinde wa jadi unaumia pia, lakini kampaundi ikifyatuliwa tupu inaweza kurusha nyaya nje ya kamu na kupasua mbavu palepale, karibu na uso wako. Mtoto au mgeni asikabidhiwe "ajaribu tu kuvuta".

La pili ni kurudisha. Kwenye rikavu, ukibadili nia unaulegeza mkono na ugwe unarudi polepole. Kwenye kampaundi, umeshikilia pauni 12, unausogeza mkono mbele inchi moja au mbili, na ghafla pauni 60 zote zinaamka na kukuvuta bega. Wengi huogopa hilo, basi wanaona ni rahisi kupiga kuliko kurudisha, na pigo lisilofaa linapigwa kwa sababu ya hofu ya bega. Fanya mazoezi ya kurudisha kama unavyofanya ya kupiga: vuta ukielekea shabaha, tulia, weka kidole nyuma ya kitufe cha kifyatulio kisikiguse, sukuma upinde kwa uthabiti, rudi. Siku ya kulungu uwe na uwezo wa kukataa.

Hatua ya 6: kufyatua bila kuamuru

Hapa pana kazi kubwa kuliko zote, na aliyetoka kwenye jadi ana deni la kulipa.

Usipige kampaundi kwa vidole. Upinde ni mfupi, ugwe unafanya pembe kali na kubana vidole, na ukiuzungusha kidogo tu unaweza kutoka kwenye kamu. Unatumia kifyatulio, ama cha mkanda wa kifundo cha mkono chenye kitufe cha kidole cha shahada, ama cha kushikwa mkononi chenye kitufe cha gumba. Cha gumba nakipenda zaidi kwa wanaotoka kwenye jadi, kwa kuwa kinaufanya mkono ukae vizuri chini ya taya. Cha kifundoni kina faida yake: hakiwezi kudondoka ukiwa umekaa juu ya mti ukimsubiri kulungu. Chochote utakachochagua, wakati wa kuvuta kidole kiwe nyuma ya kitufe, kisikiguse.

Sasa tatizo. Mwili wako umefundishwa kwamba kufika shavuni na kuachia ni kitu kimoja. Ukiweka pini kwenye shabaha, jicho litaona nukta imefika katikati na kidole kitapiga kitufe kwa kishindo. Mshale wa kwanza utaenda sawa, wa kumi utaanza kuruka kushoto, na baada ya miezi michache kidole kitakuwa kinapiga hata kabla pini haijafika. Watu wameacha upinde kwa sababu ya ugonjwa huo.

Tiba yake huanza kabla ya maradhi. Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo ondoa pini kabisa. Simama hatua tano kutoka kwenye shabaha kubwa isiyo na alama, vuta, funga macho, egemea ukuta wa upinde kwa misuli ya mgongo, bega la nyuma likisogea taratibu kuelekea uti wa mgongo. Kidole kikunje kitufe kwa pindo la kiungo, si kwa ncha, na kisifanye haraka. Mgongo unaendelea kuvuta, kitufe kinajibonyeza, upinde unaondoka. Ukishtuka kidogo, umepata. Hakuna cha kulenga, kwa hiyo hakuna cha kuamuru.

Ukirudisha pini, zitatikisika. Ziache zitikisike. Macho yako yatazame pale unapotaka mshale uingie, kama ulivyofanya miaka yote na upinde wa jadi, na pini izungukezunguke juu ya mahali hapo huku mgongo ukiendelea na kazi yake. Anayejaribu kuigandisha pini ndiye anayeishia kuipigia kitufe. Kutazama mahali padogo ni hazina uliyokuja nayo kutoka jadi. Usiiache mlangoni.

Mkono wa mbele nao uufundishe upya. Kishikio kikae kwenye nyama ya chini ya gumba, upande wa ndani wa mstari mkubwa wa kiganja, vidole vikilegea. Funga kamba ya kifundoni ili usiogope upinde kuanguka. Ukiubana, unaupotosha, na upotoshaji mdogo ambao upinde mrefu uliusamehe, huu mfupi unautangaza. Acha pia kuulaza upinde pembeni kama ulivyozoea. Kwenye pini kuna kitone cha hewa ndani ya kichupa, nacho kinataka upinde wima.

Hatua ya 7: tundu na pini

Ndani ya ugwe hufungwa tundu dogo la kuchungulia. Kulipata mahali pake: funga macho, vuta, tia nanga, fundo la kidole chini ya mfupa wa taya na ncha ya pua ikigusa ugwe. Ukishatulia, fumbua. Kama hulioni tundu mbele ya jicho bila kuinua wala kuinamisha kichwa, fundi alisogeze. Kichwa hakifuati tundu.

Kwa uwindaji chagua tundu pana, robo inchi hivi. Pennsylvania inaruhusu kuwinda kulungu tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kulungu wanatembea hasa katika dakika hizo za pembeni. Tundu jembamba lililokuwa zuri mchana linageuka giza tupu, wakati kwa upinde wa jadi ungekuwa bado unaona. Nenda uwanjani jua linapozama, ujue dakika yako ya mwisho ya kuona pini na mnyama kwa pamoja.

Kupanga pini ni rahisi: pini inafuata mshale. Mishale ikiingia kushoto, sogeza pini kushoto; ikiingia juu, ipandishe. Anzia yadi 10 ili usipoteze mishale, kisha 20, kisha 30. Panga kwa wastani wa mishale mitatu au minne, usikimbizane na mshale mmoja.

Hatua ya 8: vigumba

Waliokua na habari za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na mishale yao ya sumu wajue kwamba Pennsylvania sumu ni marufuku. Kigumba, yaani kichwa chenye makali cha mshale wa kuwindia, kinaua kwa kukata tu, kwa hiyo lazima kinyoe nywele za mkono. Pennsylvania inadai upana usiopungua inchi 7/8 na makali mawili kwa kulungu.

Kuna vigumba visivyofunguka na vile ambavyo mbawa zake hufunguka vikigonga. Vya kufunguka hula nguvu ya mshale. Mwenye pauni chini ya 50 abaki na visivyofunguka. Vyovyote viwavyo, vipige kabla ya msimu. Vichwa vya mazoezi vinasamehe upinde usiopangwa vizuri, vigumba havisamehi, kwa sababu mbawa zake zinashika upepo mbele. Piga vyote viwili kwa yadi 25 kwenye shabaha moja. Vikienda mahali tofauti, rudi kwa fundi, apige mshale kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu na kusoma mpasuko wake. Tundu la mviringo lenye mikato mitatu ya manyoya ya mkia wa mshale linasema mshale unatoka umenyooka. Mpasuko mrefu unasema mkia umeyumba upande mmoja, na fundi atasogeza kikalio kidogokidogo hadi ukome.

Hatua ya 9: umbali, na hapa nakuomba usome polepole

Mwindaji wa jadi mwenye busara hupiga yadi 20 au chini yake. Akipata kampaundi, shabaha yake ya yadi 40 inapendeza, na jibu linaonekana wazi: sasa nitawinda yadi 40. Tufanye hesabu.

Mshale wa futi 180 kwa sekunde unavuka yadi 20, ambazo ni futi 60, kwa theluthi moja ya sekunde. Mshale wa kampaundi wa futi 270 unavuka yadi 30, futi 90, kwa theluthi hiyohiyo. Kwa yadi 40 unachukua sekunde 0.44. Sauti ya ugwe inatembea kwa zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde, kwa hiyo inamfikia kulungu wa yadi 40 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Zilizobaki ni zake. Kulungu aliyeshtuka huchuchumaa kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na mshale uliolengwa mapafuni unapita juu ya mgongo au unaingia kwenye minofu ya uti. Maana yake ni kwamba kampaundi yako kwa yadi 40 inampa kulungu muda mwingi zaidi kuliko upinde wako wa zamani ulivyompa kwa yadi 20. Umenunua yadi 10. Hukununua 20.

Umbali una gharama nyingine ambayo shabaha iliyopimwa haikuonyeshi. Mapafu na moyo wa kulungu unaweza kuvikadiria kama sahani ya inchi 8, kwa hiyo una inchi 4 kila upande wa katikati. Ukidhani mnyama yuko yadi 20 kumbe yuko 25, mshale unashuka karibu inchi 3, na bado uko ndani ya sahani. Ukidhani 40 kumbe 45, unashuka zaidi ya inchi 5, na uko nje. Kipima umbali kinasaidia sana, lakini kulungu hatembei akisubiri upime mara ya pili. Kabla hajaja, pima miti na mawe yaliyokuzunguka, ujue kila kimoja kiko yadi ngapi.

Kuupata mpaka wako mwenyewe, usiangalie mshale wako wa ishirini jioni, ukiwa umepata moto. Angalia mshale wa kwanza wa siku, uliopigwa baridi, ukiwa na koti la kuwindia, umekaa au umesimama juu kama utakavyokuwa mtini. Umbali ambao mshale huo wa kwanza unaingia kwenye sahani ya inchi 8 siku zote, bila kukosa, ndio mpaka wako. Kwa wengi wanaobadili upinde mwaka wa kwanza, utakuwa yadi 25. Kubali hivyo. Ujuzi wa kumfikia mnyama karibu, kusoma upepo, kukaa kimya, uliupata kwa upinde wa jadi kwa gharama kubwa, na ni wa thamani kuliko pini ya tatu.

Hatua ya 10: porini

Kabla ya yote, karatasi. Pennsylvania anayekata leseni kwa mara ya kwanza hupitia mafunzo ya uwindaji, na juu ya leseni ya kawaida anahitaji ya upinde. Msimu wa upinde kwa sehemu kubwa ya jimbo hufunguliwa mwanzoni mwa Oktoba. Jimbo jingine lina yake: Colorado, kwa mfano, huweka kikomo cha punguzo la uzito kwenye asilimia 80, kwa hiyo upinde halali hapa unaweza usiwe halali kule.

Mtini vaa mkanda wa usalama tangu miguu inapoacha ardhi, na upinde uuvute juu kwa kamba baada ya kukaa. Ukipiga kwa kuelekea chini, vuta kwanza ukiwa wima, kisha pinda kiunoni. Ukishusha mkono peke yake, tundu linahama na mshale unapanda juu.

Vuta wakati kichwa cha kulungu kimepita nyuma ya shina au ameinama kula. Subiri akupe ubavu, au awe ameelekea mbali nawe kwa pembe kidogo, mguu wa mbele ukiwa mbele. Anayekuelekea uso kwa uso mwache apite. Mshale ukiondoka, usiushushe upinde kuufuata kwa macho. Mkono ubaki ulipo hadi usikie umegonga.

Kisha kaa. Kumbuka mti wa mwisho ulipomwona, na shuka bila haraka. Soma mshale na damu ya kwanza. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu: mpe nusu saa, mara nyingi atakuwa karibu. Damu nyeusi nzito ni ini: mpe saa nne au zaidi. Mshale wenye majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, ondoka kabisa eneo hilo, rudi baada ya saa nane au zaidi, hata kama ni kesho alfajiri. Kulungu aliyepigwa tumboni akisukumwa mapema huamka na kwenda mbali bila kuacha damu, lakini akiachwa hulala alipoona salama na kufia hapo. Weka alama kila tone la mwisho kwa kipande cha karatasi laini ili ukipoteza njia uone mwelekeo kwa nyuma. Njia ikikatika kabisa, simama kabla hujaikanyaga yote, utafute mtu mwenye mbwa wa kufuatilia damu. Pennsylvania inaruhusu mbwa huyo akiwa amefungwa kamba, na pua yake inaokoa nyama ambayo macho yetu yangeiacha ioze.